Foleni Dirisha Namba Tatu

Mkurugenzi mkuu wa kampuni ya bima alikuwa na desturi iliyowachekesha wasaidizi wake. Kila mwaka, wastaafu wanapokuja kuthibitisha kuwa wangali hai, alishuka kutoka ghorofa ya tisa akaketi dirisha namba tatu, kwenye kiti kilekile alichoanzia ukarani.

Mwaka ule, katikati ya zogo na mikongojo, akasimama mbele yake mwanamume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi. Viatu vyake vilikuwa chepechepe, na nje jua lilikuwa kali.

"Wewe mbona kijana? Foleni hii ni ya wazee."

"Kwani kuwa hai mpaka mtu aote mvi, bibie?"

Mama wa watu akacheka, yeye asiyecheka kazini, akampa namba ya simu badala ya fomu. Mapenzi ni kikohozi: hata mfagizi alijua.

Miezi mitatu walipigiana simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nile nini, nami nimeshashiba sauti yako?"

"Mwongo wewe! Na hayo maji yanayovuma huko?"

"Maji gani?"

Walipokutana, mikono ya mwanamume ilikuwa baridi siku zote. Alipoulizwa habari za ndoa alisema, "Kwanza niandike niko hai."

Mkurugenzi akalitafuta jalada lake. Basi lilitumbukia mtoni miaka ishirini iliyopita, abiria arobaini. Siku ya tatu karani mmoja mwenye haraka alitia saini kuwa wote wamekufa. Siku ya nne waokoaji wakaondoka. Karani akasifiwa kwa wepesi, akapandishwa cheo, na hakuacha kupanda mpaka ghorofa ya tisa. Saini ilikuwa yake.

"Kumbe ulikuja kunilipizia kisasi!" alimfokea kwenye simu.

"Nilikuja kupanga foleni. Kukupenda kulikuja kwenyewe." Maji yakavuma. "Nilishika gogo siku tano, mama, nikisikiliza kama kuna mtu anakuja."

Wiki nzima hakupokea simu. Alikipenda kiti chake cha ghorofa ya tisa, tusidanganyane, na alimpenda mwanamume yule. Mwishowe akapata njia: jina moja likisahihishwa litaitwa kosa la karani, na hakuna atakayeuliza.

Jumatatu asubuhi akafungua dirisha namba tatu. Mwanamume alikuwa amesimama palepale. Akapiga mhuri: YU HAI. Akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza ulikuwa na joto.

"Sasa utanioa?" aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Hata leo, mpenzi. Lakini wenzangu je?"

Mlango uliokuwa nyuma yake ulikuwa wazi. Watu thelathini na tisa walikuwa wamepanga foleni hadi barabarani, kimya, viatu vikichuruzika maji juani. Mama mmoja alikuwa amembeba mtoto.

Majina arobaini hayaitwi kosa la karani. Mkurugenzi alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Akavua viatu vyake vya kisigino kirefu, akavuta kiti karibu na dirisha, akachovya mhuri kwenye wino.

"Anayefuata, karibu," alisema. "Na mnisamehe kwa kuwachelewesha."