Mnywaji wa Nyuma ya Jicho

Picha ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili, mishipa ya damu ilikuwa imehama.

Mpiga picha wa kliniki ya macho alifuta kioo cha mashine, akamwomba dada yake aweke tena kidevu mahali pake na asipepese. Kazi ile aliizoea mpaka akawa anaiota: mwanga unawaka, kisha nyuma ya jicho inatokea kwenye skrini, duara la rangi ya chungwa lenye mishipa iliyotawanyika kama mizizi. Mizizi haitembei. Lakini ile ya jicho la kulia la dada yake ilikuwa imesogea yote upande mmoja, imekonda, imejikunja, kama kuna anayeivuta.

"Dada, umetikisika?"

"Nguvu za kutikisika nizitoe wapi?"

Ilikuwa kweli. Tangu alipojifungua mtoto asiyelia, mwalimu huyu wa darasa la kwanza, ambaye zamani alikuwa akicheka mpaka majirani wanagonga ukuta, alikuwa mtu wa kulala tu. Haogi mpaka aogeshwe. Shemeji, fundi makochi, alikuwa na jibu moja kwa kila aliyeuliza: "Anadeka huyo." Na ukoo mzima ukaitikia. Aliletwa kliniki kwa sababu tu jicho lilianza kuingia giza.

Daktari aliitazama picha, akakunja uso. "Presha iko juu, na mishipa hii siipendi. Lakini hii sonona, huzuni isiyomtoka, nayo msiidharau. Mara nyingi tunaviona vimeandamana, sonona ya muda mrefu na mishipa midogo isiyo na afya. Kipi kinamvuta mwenzake, bado hatujui vizuri. Atibiwe vyote viwili." Akamwandikia rufaa kwa daktari wa akili, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mpiga picha, mdogo mtu, akabaki na skrini. Akaikuza picha. Pale mishipa ilipokutana palikuwa na kitu cheusi, na alipokikuza zaidi akaona ni midomo. Imebana mshipa wa damu kama mtoto anavyobana mrija. Hapo hapo, mchana kweupe, akasikia sauti ya mtu anayemalizia kinywaji kwenye glasi, na chumba kikanuka chuma kilicholowa.

"Umemsikia?" dada akanong'ona. "Usiseme kwa nguvu. Hapendi."

"Tangu lini, dada?"

"Tangu nilipotoka wodini. Nilimwambia mume wangu. Akaniuliza chakula kiko wapi."

Mdogo mtu akaenda kumkabili shemeji yake. Alipomtajia sonona, Shemeji alipunga mkono kama anafukuza nzi. Alipomweleza ile midomo inayonyonya, akachangamka: hilo ni jini. Habari za jini alizielewa, maana jini si kosa lake.

"Mganga nitamtafuta mwenyewe," akasema.

Kesho yake alasiri mpiga picha alikuta mlango wa dada yake umefungwa, moshi wa ubani unatoka chini yake. Akausukuma kwa bega. Dada alikuwa sakafuni, mganga juu yake na fimbo, na Shemeji amekaa kwenye kochi kama mtu anayesubiri gari lake litengenezwe.

"Shusha mkono wako kabla sijaung'oa!" mdogo mtu akafoka, akaidaka fimbo.

Mganga alikuwa analoa jasho. "Mama, nisaidie," akamnong'oneza. "Sipigi mimi. Inainuka yenyewe."

Ndipo sauti ikatoka kinywani mwa dada, nzito, tulivu, imeshiba. "Mwacheni apige. Akipigwa damu inakimbia, na mimi nina kiu."

Shemeji akapanda juu ya kochi. Sauti ikaendelea, "Sikuvunja mlango. Alilia usiku na mchana, hakuna aliyekuja. Nikaja mimi," na kadiri ilivyosema ndivyo chumba kilivyozidi kuwa giza, madirisha yakiwa wazi na jua likiwa nje, moshi ukisimama wima bila kupanda wala kushuka, na sauti ile ya kunyonya ikitoka sasa kwenye kuta, kwenye mito ya makochi, kwenye masikio yao wenyewe, mpaka mdogo mtu akahisi jicho lake mwenyewe linavutwa kwa ndani, naye bado amemkumbatia dada yake akipiga kelele, "Usimwachie! Dada, kasirika! Mtukane!"

Dada akafumbua macho.

"Mwanangu yule," akasema, kwa sauti yake mwenyewe, imekwaruza kwa kukaa bila kutumika. "Nilimlilia siku zile za wodini tu, halafu ukanikausha. Umekunywa hata machozi yake. Mshenzi wewe. Yale hayakuwa yako!"

Akalia. Alilia akipiga sakafu kwa ngumi, akitaja kila aliyemwambia anadeka, mama mkwe, mawifi, walimu wenzake, na kwenye jicho la kulia machozi yakageuka mekundu, kisha meusi, yakashuka shavuni kama uzi mrefu, yakatambaa sakafuni na kupenya chini ya mlango. Mganga akauruka uzi ule, akatoka mbio, viatu ameviacha.

Mwanga ukarudi. Shemeji akashuka kochini taratibu. "Haya, alhamdulillahi. Si ametoka? Yameisha."

Dada akajifuta uso kwa kiganja. "Yeye ametoka. Bado wewe."

"Unasemaje?"

"Umenisikia. Chukua nguo zako."

Akamtazama hivyo hivyo, jicho moja likivuja damu, mpaka Shemeji akazichukua.

Sasa dada anaishi na mdogo wake. Anameza vidonge vya presha na vya sonona, huku anavilaani. Anakwenda kwa daktari wa akili, na akirudi hugombana na kila mtu, mpaka muuza mkaa anamwogopa. Mdogo mtu anashukuru kwa kila ugomvi. Jicho limepona, isipokuwa pembeni, kwenye doa moja ambalo daktari anasema halitapata mwanga tena.

Jana mdogo mtu alimuuliza anaona nini pale.

"Mtu amekaa," dada akajibu, akitafuta glasi ya maji ya kumezea dawa. "Amenipa mgongo. Akianza kugeuka nitakwambia."