Dole Gumba la Baba

Hamjambo wenzangu wa kisomo? Hebu tulieni kidogo. Haya yamempata Cresensia, jirani yangu kule Kansay.

Jioni moja alimpelekea maziwa mdogo wake Martini, mhadhiri wa chuo kikuu anayependa mazingaombwe. Marehemu baba yao hakujua kuandika. Kwenye fomu ya shule ya Martini aliweka dole gumba lake lenye kovu. Ya Cresensia aliirudisha tupu, naye hakupelekwa shule.

"Siku hizi najua kusoma," Cresensia akasema.

"Umri huu utasoma nini, dada, bei ya chumvi?" Martini akacheka. "Haya, andika jina lako. Nitalichoma, halafu nilitoe ndani ya mkate huu."

Cresensia akaandika polepole kwenye kikaratasi. Martini akakichoma, akapuliza majivu. Mara umeme ukakatika. Gizani wakasikia kitu kinakwaruza ndani ya mkate, taratibu, kama kalamu.

"Ni wewe?"

"Mkate sijaugusa, dada."

Martini akawasha tochi ya simu, akaupasua. Kikaratasi kilikuwa kizima. Cresensia akakisoma mwenyewe: jina lake, na chini yake alama ya dole gumba lenye kovu.

Mimi naenda kukamua ng'ombe. Kikaratasi Cresensia ameniachia nikitunze; nikirudi nitakuja nacho mkione. Msikiguse tu, wino haujakauka mpaka leo.