Kopo la Nne

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa na kazi moja: kuingia stoo ya shangazi, kumwagilia makopo saba kikombe kimoja kimoja, kuhesabu majani na kuandika daftarini. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kwa kuwa niliongea mpaka mimea ikasinzia, nyumbani waliniita Kidomo.

Makopo yenyewe yalikuwa ya rangi, yametobolewa chini, kila moja na mche wa aina yake. Shangazi, msanifu wa majengo, alikuwa amepata kazi yake kubwa ya kwanza: kubuni ukumbi wa kusubiria ndege.

"Abiria ana wasiwasi," alikuwa akisema, kalamu imechomekwa nywelani. "Nataka akikaa ajione yuko msituni, siyo kwenye foleni ya hospitali."

Nguzo alizichora kama mashina ya miti. Mabenchi yalikuwa kama mawe ya mtoni, na Fundi Randa, seremala wetu, aliyalainisha mpaka nzi mmoja akatua, akateleza, akavunjika mguu. Nilimwona kwa macho yangu.

Shida ilikuwa moja. Ukumbi ule haukuwa na dirisha hata moja, ni taa tupu. Ndiyo maana miche ilijaribiwa stoo, chini ya taa za aina ileile, kwa wiki sita. Aina ambayo ingehimili ingenunuliwa miche mia mbili.

Mche wa tano ulikata tamaa siku ya tatu. Mimi nilipenda wa nne, wenye majani mapana yenye madoa meupe, kama umemwagiwa maziwa. Ulipoanza kunyauka niliuonea huruma. Nikitoka shule, shangazi akiwa bado kazini, nililibeba kopo lile hadi uani likaota jua, kisha nikalirudisha kabla hajafika. Daftarini niliandika: "Kopo la nne: majani tisa. Halijambo." Habari za jua sikuziandika.

Wiki ya sita, tukiwa mezani pamoja na Fundi Randa, shangazi alifunua daftari akatabasamu. "Kidomo, umenitoa kimasomaso. Mche wa nne umeishinda yote. Kesho naenda kwa meneja wa uwanja wa ndege kutia saini, miche iletwe."

Niliinamia sahani yangu.

"Kidomo kanyamaza," Fundi Randa akasema. "Anueni nguo, mvua hiyo inakuja."

Asubuhi nilimkuta shangazi mlangoni akivaa viatu, michoro kwapani.

"Shikamoo, shangazi. Usiende."

"Marahaba. Nisiende kwa nini?"

"Ule mche wa nne nilikuwa nautoa nje. Kila siku. Unaota jua."

Aliketi juu ya ndoo, kiatu kimoja mkononi.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ulikuwa unakufa."

"Sasa ingekufa mia mbili, mbele ya watu. Na kazi yangu pamoja nayo."

Nililia. Hakunigombeza. Alinishika mkono tukaenda stoo, tukakagua makopo upya. Pembeni kabisa lilikuwa la sita, mche wa majani membamba, umekaa kama ufagio uliochakaa. Daftarini nilikuwa nikiuandikia neno moja tu: "Upo." Shangazi aliinama akakuta machipukizi matatu.

"Na huu uliutoa nje?"

"Nani atoe ufagio kuota jua, shangazi?"

Alicheka bila kutaka. Kisha tukaenda wote kwa meneja, nikamweleza kwa mdomo wangu mwenyewe. Alitutazama juu ya miwani, akatuongezea wiki mbili. Mche wa sita ukazidi kuchipua, na ndio uliopandwa.

Tukirudi nyumbani shangazi aliniambia, "Kitu kikifa, andika kimekufa. Sikukupa daftari unifurahishe. Nilikupa uwe macho yangu nisipokuwepo."

Shangazi hayupo tena. Nikisafiri nafika uwanjani saa tatu nzima kabla ya safari, makusudi, nikaketi kwenye benchi la Fundi Randa chini ya mche wa sita, ambao sasa umegusa dari na nadhani unatafuta njia ya kupanda ndege. Daftari ninalo mkobani. Ukurasa wa mwisho una mwandiko wa shangazi: "Kopo la nne: limehamia barazani, juani, mahali pake. Kidomo: hajambo."