Hodi ya Fumo Shekuwe

Zama hizo mji wa Kivunjeni haukuwa na mfalme. Ulikuwa na mitaa miwili iliyochukiana, na kila baada ya miaka minne wazee walimteua mtu mmoja autawale, zamu kwa zamu. Mteule alikabidhiwa siwa, ile pembe kubwa ya ndovu, akahamia Nyumba ya Siwa. Humo alikula peke yake, akalala peke yake, wala mkewe hakukanyaga kizingiti chake, isije ikasemwa hukumu imepikwa jikoni. Nani angeutamani utawala wa namna hiyo? Wengi, tena kwa ugomvi. Watu bwana!

Zamu ya Fumo Shekuwe ilikaribia kwisha pale jeshi la sultani wa ng'ambo lilipouzingira mji. Shekuwe akavaa deraya, akashika ngao ya ngozi ya kifaru, akashinda ukutani pamoja na wapiga mishale. Njaa ikaingia, na homa nayo ikamchukua mkewe, Mwana Mize. Mila ilimruhusu mwenye siwa kutoka nje kwa sala ya Ijumaa na kwa vita tu. Jeneza likapita chini ya dirisha lake, akalisindikiza kwa macho hadi lilipokata kona. Alilia, na sioni haya kulisema.

Mwishowe alifungua lango, akawavamia adui wakiwa kwenye chakula, wakakimbia wakaacha mahema. Askari walewale waliokuwa wakinung'unika sasa wakataka awe sultani wa maisha. Wazee kwa hofu hawakuthubutu kupinga.

"Nimewakinga msitawaliwe na sultani," Shekuwe akawaambia. "Leo niwe sultani mimi?"

Akamwita Athmani Kitini, mteule wa mtaa wa pili, ambaye vita vyote alikuwa akimwita Shekuwe mwoga, akampa siwa.

Ilibaki mila moja. Anayeshuka hupiga hodi nyumbani kwake mwenyewe kama mgeni, na mrithi wake yuko nyuma yake. Akikaribishwa na aliye ndani, amerudi kuwa raia. Asipoitikiwa, siwa ni yake tena. Ndiyo maana askari walimfuata wakichekelea, maana nyumba ile haikuwa na mtu. Mwana Mize alikwisha kuzikwa, na mtoto hawakujaliwa.

"Hodi," akasema Shekuwe.

Akapiga ya pili. Alijua hakuna wa kuitika, lakini alitega sikio, maskini, kama mtu aliyechelewa tu kurudi. Askari wakaanza kugonga ngao.

Athmani akamsukumia mzee mmoja siwa, akazunguka uani. Mara sauti ikatoka ndani:

"Karibu, mwenyewe. Karibu nyumbani."

Wapo wasemao Athmani alikitaka kiti tu. Waseme. Mtu wa kutaka kiti sauti yake haitetemeki vile.

Shekuwe akaingia. Walipopishana ukumbini akamshika mkono hasimu wake, akamwambia, "Siku yako ikifika, nitakuja."

Miaka minne ikapita, Shekuwe akipika mwenyewe na kula mwenyewe. Siku Athmani aliposhuka, Shekuwe alitangulia akajibanza nyuma ya nyumba ya Athmani, mkono kwenye mlango wa uani. Akaisikia hodi. Kabla hajafungua kinywa, mke wa Athmani akaitika, na watoto wakaitika pamoja naye.

Shekuwe akamshukuru Mungu. Kisha akashika njia ya kwake, na alipofika mlangoni akapiga hodi.