Kompyuta Iliyofunikwa Kitambaa

Asubuhi kwangu Makole huanza na vumbi. Nafagia sebule, nafuta viti, na kabla chai haijachemka vumbi limesharudi. Zamani kazi hii aliifanya mke wangu, Edina. Sasa ni marehemu, kwa hiyo nafagia mwenyewe.

Kompyuta yetu ya kwanza tuliipata akiwa hai. Ilikuwa kuukuu, ina kioo kinene kama televisheni ya zamani, na boksi lake pembeni. Wakubwa wa shirika moja walituita mkutanoni, wakatugawia, wakapiga picha na sisi, wakapanda magari yao. Walituonyesha pa kuwashia, basi. Mimi niliishia darasa la nne. Mengine ningeyajulia wapi?

Edina aliifanyia kama alivyoifanyia redio. Alifuma kitambaa cheupe cha maua, akalifunika boksi lote mpaka nyuma. Wageni walikisifu kitambaa kuliko kompyuta.

Binti yetu, Gladness, ndiye aliyejifunza kuitumia. Siku moja alimrekodi mama yake akiimba wimbo wa kwaya. Niliposikia sauti ya mke wangu inatoka kwenye kompyuta, na mwenyewe amekaa pale amefunga mdomo, niliinuka nikachungulia nyuma ya kioo. Edina alicheka mpaka akatoa machozi.

Mwaka uliofuata alifariki. Sauti yake ilibaki humo tu. Kila Jumapili Gladness aliniwekea. Nikianza kulia, namwambia azime. Kitambaa sikutaka mtu akiguse.

Jumapili moja wimbo ulikatika. Tukasikia pa! Moshi ukapenya kwenye maua ya kitambaa. Gladness akachomoa waya ukutani. Mimi nilisimama tu, mikono kichwani, kama mtu aliyefiwa mara ya pili.

Tulimwita Mwajabu, jirani yetu mwenyeji wa Kondoa, fundi wa kompyuta. Alinipa shikamoo, akafungua boksi kwa bisibisi. Nilishtuka. Ndani mlijaa vumbi jekundu, limeshikana kama udongo wa kichuguu. Hata feni haikuonekana.

"Baba Gladness," akasema, "hii mlikuwa mnaitumia au mlikuwa mnaizika?"

Nikamwambia kitambaa kilikuwa cha kuzuia vumbi.

"Vumbi linaingia tu. Joto ndilo lilikosa pa kutokea. Haya matundu ya nyuma ndiyo pua zake. Ikiwashwa, usiifunike, wala usiisukumize ukutani."

"Mbona waliotugawia hawakusema?"

"Ungewauliza."

"Saa ngapi? Walikuwa wanawahi posho."

Mwajabu akacheka. Mimi sikucheka. Nilimuuliza nililoliogopa: sauti ya mke wangu imeungua?

Alisema kilichoungua ni kifaa cha kupokea umeme. Sauti hukaa kwenye diski, na huenda joto limeifikia. Akaitoa diski, akaenda kuijaribu kwenye kompyuta yake. Nilikaa mlangoni nikimsubiri. Chai iliyomiminwa mbele yangu sikuigusa.

Alirudi akitabasamu. "Iko salama. Lakini kitu cha thamani hivi hakiwekwi mahali pamoja."

Akainakili sauti kwenye flashi mbili. Moja anatunza Gladness, nyingine ninayo mimi. Kisha akabadilisha kile kifaa na kutufundisha. Kabla ya kuchomoa waya, izime kwanza kwa kufuata maelekezo ya kwenye kioo. Ikishachomolewa, mpe fundi aifungue na kutoa vumbi kwa brashi laini.

Ni mwaka wa pili sasa. Boksi liko wazi, mbali kidogo na ukuta, na halijapata moto tena. Kitambaa nimekitandika kwenye kiti.

Jumapili ya kwanza baada ya matengenezo, Gladness aliweka wimbo. Nililia, lakini safari hii sikusema azime. Wimbo ukaisha. Kukawa kimya. Halafu mtu akakohoa. Nilishtuka, maana kilikuwa kikohozi changu. Ndipo Edina akasema, karibu kabisa:

"Baba Gladness, hebu toka nje na kikohozi chako, tunarekodi."

Nikainuka, nikatoka nje.