Mstari Chini ya Namba

"Mpwa wangu, shangazi ameruhusiwa hospitali. Ametoka saa nne na dakika kumi, kwa gari jeupe."

Simu ikakatika.

Kifutio akatazama Casio mkononi. Saa nne na dakika kumi na tatu, asubuhi ya jua kali.

Hakuwa na shangazi hospitalini. Na huyo aliyemwita mpwa hakuwa mjomba wake, ingawa jina lake la kazi lilikuwa Mjomba. Alikuwa bosi wake katika idara isiyo na bango mlangoni. Shangazi ni mchoro. Gari jeupe ni Toyota ya Mteja, mgeni ambaye idara ilikuwa ikimfuatilia.

Maana yake ni kwamba mchoro wa pini ya lango la bwawa ulikuwa umetoka ofisini kwenda karakana bila kupita kwenye meza ya mkaguzi. Pini ingechongwa leo, ifungwe kesho. Mvua kubwa zilikuwa zimebakiza wiki mbili. Kama kuna aliyeuchezea mchoro ule, pini ingekatika siku ya mafuriko, lango lingeng'oka na mji wa chini ungezama. Kisha wenzake Mteja wangekuja kutoka nje na mahema, na mikataba ya kujenga upya.

Mama yake Kifutio alikaa mji wa chini, nyumba ya tatu kutoka mtoni.

Aliweka penseli chini, polepole, kama mtu anayekwenda kunywa maji.

"Umemaliza herufi zako?"

Sauti ya Mwalimu. Ndiye fundi mkuu wa michoro, mzee wa miaka sitini na mbili mwenye kidole cha kati kilichopinda kwa kushika penseli. Ofisi nzima ilimwita hivyo, hata wale ambao hakuwahi kuwafundisha kitu.

"Bado mistari miwili, Mwalimu. Mama ananiita mara moja."

"Msalimie. Na lile nililokwambia?"

"La kumleta huku juu?"

"Akae nawe mpaka mvua ziishe. Mto hauna adabu."

Alisema atamwambia tena. Wiki iliyopita alimwambia, na mama akasema atafikiria.

Alikuwa na miezi minane katika chumba kile. Mwanagenzi wa ufundi sanifu wa michoro, mwenye umri wa miaka thelathini na tatu, mkubwa kuliko wanagenzi wenzake wote, na mwenye kufuta kuliko wote. Ndiyo maana wakambatiza Kifutio. Idara ilimtuma aje kumtafuta msaliti. Mwalimu akadhani ametumwa aje kujifunza, akamfundisha kwelikweli. Wiki tatu za kwanza hakuruhusiwa kuchora chochote ila namba, moja hadi tisa, mpaka zikafanana. Kisha kukwangua wino kwa wembe bila kutoboa karatasi. Vijana wengine walikuwa kwa Miwani, mhandisi kijana wa chumba cha kompyuta, wanakula kiyoyozi. Kifutio peke yake ndiye aliyetiwa mikononi mwa mzee na meza zake za mbao.

Idara ilimshuku Miwani. Miwani alisaini michoro yote inayotoka. Miwani alionekana mara mbili akipiga soga na Mteja.

Kifutio aliwasha Yamaha.

Barabara ya viwandani ilijaa malori ya saruji. Alipita kushoto kwa la kwanza, kulia kwa la pili, katikati ya la tatu na la nne, na utingo mmoja akamtukana tusi refu ambalo hakulisikia mwisho wake. Toyota ilikuwa imeshafika. Ilisimama mbele ya karakana, injini ikitoa joto.

Redio ndogo ikakwaruza sikioni.

"Mpwa?"

"Nimefika."

"Miwani tumemzunguka. Vijana wako ngazini. Tumchukue?"

"Subiri."

"Nasubiri nini?"

"Nione karatasi kwanza."

Karakana ilinuka mafuta na chuma cha moto. Mkereza vyuma, mzee mnene mwenye ovaroli ya bluu, alikuwa ameinamia mashine yake, na pini ilikuwa inazunguka, nene kama paja. Mchoro ulibandikwa ukutani kwa sumaku mbili. Mteja alisimama kando, suti ya kijivu, mikono mfukoni. Alijulikana mjini kama mnunuzi wa pampu, ingawa katika mwaka mzima hakuna aliyemwona na pampu hata moja.

Kifutio akasalimia. Akasema ametumwa na ofisi kulinganisha vipimo.

"Ofisi haijaniambia," Mteja alisema.

"Mimi mwanagenzi tu, kaka. Natumwa, naenda."

Akatoa rula yake ya chuma, akaiweka juu ya mchoro. Pini ile ilikuwa na shingo katikati, mahali pembamba panapobeba mzigo wote na pasipoonekana ikishafungwa. Kwa kipimo cha picha, shingo ilikuwa na unene wa milimita mia na arobaini. Namba iliyoandikwa pembeni ilisema mia na kumi.

"Dada, sisi hatupimi karatasi," Mkereza alisema bila kugeuka. "Tunasoma namba."

Alisema kweli. Ndiyo kanuni ya kazi, na ndio mlango aliopitia mwovu. Picha inaweza kusinyaa kwenye mashine ya nakala, namba haisinyai. Aliyeharibu mchoro hakuhitaji kugusa mstari hata mmoja. Alikwangua namba moja kwa wembe, akaandika nyingine.

Ndipo Kifutio akaona.

Chini ya ile mia na kumi palikuwa na mstari mfupi, ulionyooka, wa wino mweusi.

Alijua maana yake. Alifundishwa mwezi wa nne, Jumanne. *Ukibadilisha namba na picha ukaiacha, piga mstari chini ya namba. Usimwache fundi aamini picha. Huo ndio uungwana wetu.* Kompyuta haina haja ya mstari huo, kwa sababu ukigeuza namba, picha inajigeuza yenyewe. Miwani hajawahi kuupiga maishani mwake. Pengine hata haujui.

Ofisini waliujua watu wawili. Mmoja alikuwa amesimama pale na rula mkononi.

Alisubiri moyo ushtuke. Haukushtuka. Ganzi tu, kama jino lililochomwa sindano.

"Weka rula chini," Mteja alisema. Glock ilikuwa imeshatoka mfukoni, na mtutu wake ulikuwa na kizuia sauti kirefu. "Baba, wewe endelea kuchonga."

Mkereza hakuendelea, ila mashine hakuizima. Bomba la maji meupe ya kupozea lilikuwa likichuruzika juu ya chuma, nusu mita kutoka mkono wa kushoto wa Kifutio.

Akaligeuza.

Maji yakampiga Mteja machoni. Risasi ikatoboa paa. Rula ya chuma ikashuka kwa ubavu kwenye kifundo cha mkono, Glock ikaanguka kwenye mabaki ya chuma kilichochongwa, na goti likamalizia chini ya mbavu. Kifutio akamfunga Mteja kwa mkanda wa plastiki kwenye mguu wa mashine. Haikufika sekunde kumi. Kisha akabonyeza kitufe chekundu, mashine ikasinzia na kusimama.

"Shingo umefika ngapi, mzee?"

Mkereza akajifuta uso, akapima, akapima tena.

"Mia na arobaini na mbili."

"Chonga mbili zilizobaki, halafu acha. Futa hiyo mia na kumi."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya picha."

Alitoka nje. Redio ikakwaruza.

"Mpwa, tunamchukua Miwani au hatumchukui?"

Mstari ule hakuna mwingine angeusoma. Angeweza kusema ndiyo, na mzee wa meza za mbao angekula uzee wake kwa amani. Kisha akamkumbuka mama yake akianika nguo, nyumba ya tatu kutoka mtoni.

"Siyo Miwani. Ni Mwalimu."

"Una uhakika?"

"Kasaini kwa mkono wake. Mteja nimemfunga karakana, mfuateni. Nipeni dakika kumi na Mwalimu."

"Tano."

Mwalimu alikuwa mezani pake, anachonga penseli. Alipomwona ana madoa ya maji meupe kwenye mikono ya shati, aliacha kuchonga.

"Umetoka karakana."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Imechongwa?"

"Kwa mia na arobaini."

Mzee akapuliza unga wa penseli kutoka mezani. Hakumwuliza ni nani hasa.

"Umejuaje?"

"Ulipiga mstari chini."

Akaitazama mikono yake kwa muda mrefu, kama anatazama ya mtu mwingine.

"Mkono umezoea," alisema. "Sikujua kama niliupiga."

Mengine aliyasema kwa sauti ya chini, na Kifutio aliyasikia kama anayesomewa barua isiyo yake. Mwisho wa mwezi meza za mbao zilikuwa zinatolewa. Mteja alimwahidi chumba kwao ng'ambo, chenye meza kumi na wanafunzi kumi watakaochora kwa mkono mpaka afe. Alijua mji utazama. Alijiambia hatawajua watakaokufa. Isipokuwa mmoja.

"Ndiyo maana ukasema nimlete mama."

"Ndiyo maana."

Nje, hatua za viatu vizito zilikuwa zimeshaanza kupanda ngazi.

"Lete kitabu chako," Mwalimu alisema.

Kitabu cha mafunzo kilikuwa na kazi arobaini. Thelathini na tisa zilikuwa na sahihi. Ya mwisho ilisomeka: *Kugundua kosa katika mchoro wa mtu mwingine bila msaada.* Mzee akachukua kalamu ya Rotring, akaandika tarehe kwa zile namba zake zinazofanana, akaandika *Amefaulu*, akasaini. Akasubiri wino ukauke ndipo akakifunga.

Vijana wa Mjomba wakaingia. Mwalimu akanyoosha mikono bila kuambiwa.

Kifutio akatia kitabu kwenye mkoba, akashuka ngazi. Miwani alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha kompyuta na kikombe cha chai, akamwuliza kuna nini. Akamwambia hakuna kitu.

Simu ikaita akiwa anavaa kofia ya pikipiki. Safari hii alikuwa mama kweli.

"Mwanangu, nimeanza kufunga vyombo. Yule mwalimu wako si alisema nihame?"

"Vifungue tu, mama. Kaa kwako."

"Kabadili mawazo?"

"Kabadilishiwa."

"Haya. Umshukuru lakini. Siku hizi nani anamjali mama wa mwanafunzi wake?"

Alisema atamshukuru. Akawasha Yamaha, akaondoka taratibu, akiwapisha malori yote.