Kengele ya Mwinjuma

Zama zile Wadachi, yaani Wajerumani, walipoitawala pwani ya Mrima, baiskeli zilikuwa chache mjini Tanga, na mwenye nayo alitazamwa kuliko bwana harusi. Katika waendeshaji wote hakuna aliyevuma kama Mwinjuma wa Kibwana, mshona kofia ambaye hakuweza kukaa kitako hadi kofia moja ikaisha. Wateja walimsubiri barazani. Yeye alikuwa njiani, kanzu kaikunja kiunoni, anakimbizana na vumbi lake mwenyewe.

Kila sikukuu ya Idd, baada ya sala, mabingwa walishindana hadi Muheza na kurudi. Mbio zile zilikuwa na adabu yake. Aliyetaka kumpita mwenzake alipiga kengele kumwomba njia, na aliyeombwa alijiweka kando na kusimama, hata kama roho ilimuuma. Kupita bila kengele ulikuwa wizi, na mwizi havikwi kilemba cha ushindi.

Idd ya mwisho kabla ya vita, Mwinjuma alimpita Shekue, bingwa wa Muheza, Msambaa mrefu wa maneno machache, kwenye kona ya mashamba ya mkonge. Akafika wa kwanza, watu wakambeba juu juu. Shekue alipofika alisema kwa upole kwamba hakusikia kengele. Waamuzi walibishana mpaka pilau ikapoa, na kile kilemba cha hariri ya kijani kikarudishwa kashani.

Mwinjuma aliapa mbele ya watu kwamba alipiga. Lakini ukweli ni kwamba hakuwa na hakika, maana haraka ya siku ile ilimfutia kila kitu. Akiwa anashona alitupa sindano ghafla na kumuuliza mkewe, "Mwanahawa, nilipiga?" Mwanahawa alimjibu kwamba yeye hakuwako, na kwamba kofia za watu zinangoja. Basi Mwinjuma alimtaka Shekue warudie mbio, naye Shekue akakubali. Kabla siku haijafika, vita vya Wadachi na Waingereza vikaingia.

Wadachi walizichukua baiskeli pamoja na wenyewe. Mwinjuma alifanywa tarishi wa kupeleka habari. Shekue alipewa msafara wa wapagazi, na baiskeli yake ya ubingwa ikawa punda wa magunia ya mahindi.

Mwaka ule Wadachi walipoanza kurudi nyuma, Mwinjuma aliitwa na mkubwa wao mchana wa jua kali. Aliambiwa akawaarifu askari wa nyuma wapite njia ya milimani, kwa kuwa Wadachi wenyewe wamelitega baruti daraja la mtoni ili adui asivuke. Mwinjuma akauliza habari za wapagazi waliotangulia kwenye barabara ile. Mkubwa akamjibu kwamba hilo si lake. Tena aifunge kengele kwa kitambaa, kwani adui amejificha kwenye matete karibu na daraja; wapagazi huwaacha wapite, bali tarishi humpiga risasi akisikia tu kengele yake.

Aliupeleka ujumbe kama alivyotumwa. Kisha, badala ya kupanda mlima pamoja na askari, akageuza baiskeli kuelekea darajani. Aliogopa mno, lakini miguu haikuacha kuzunguka.

Aliwakuta wapagazi kwenye tuta jembamba, kinamasi huku na huku, wanakwenda mmoja nyuma ya mwingine wakiimba. Shekue alikuwa mbele kabisa, hatua chache kutoka darajani. Mwinjuma alipaza sauti. Hakuna aliyegeuka, maana wapagazi walikuwa wanapigiwa kelele kutwa nzima na walikwishazoea.

Mwinjuma akaking'oa kile kitambaa, akapiga kengele.

Watu wale walikuwa wa pwani, na kengele ile waliijua tangu siku za Idd. Mstari mzima ulijiweka kando ukasimama, mizigo kichwani, naye akapita katikati yao akipiga bila kukoma. Shekue aligeuka akamwona. Akaivuta baiskeli yake pembeni, magunia na yote.

"Msivuke," Mwinjuma alisema akimpita. "Lina baruti. Rudisha watu."

Risasi zilitoka kwenye matete zikamkuta hapo hapo, mikono ingali kwenye usukani. Wapagazi walitumbukia kinamasini, na Wadachi waliokuwa ng'ambo wakililinda daraja, waliposikia milio, wakawasha utambi. Daraja likaruka vipande bila mtu juu yake.

Vita vilipokwisha, Idd ikaja, na waamuzi wakakutana tena. Shekue alitembea kutoka Muheza kwa miguu, mkononi kengele ya Mwinjuma, yenye kutu. Alisema amekuja kukiri kwamba alipitwa kwa haki: aliombwa njia, akaitoa.

Mwamuzi mmoja akamkumbusha kwamba kilemba kile ni cha mbio za kabla ya vita.

"Mbio ni zile zile," Shekue alijibu. "Tulikuwa hatujazimaliza."

Kasha likafunguliwa, kilemba akakabidhiwa Mwanahawa. Alikishika muda mrefu bila kukikunjua, kisha akamtazama yule mtu mrefu.

"Kwa hiyo alipiga?"

"Alipiga, shemeji," Shekue alisema, akamwekea kengele mkononi.